Fungate ya Nchi Mbili

Alhamisi niliyokwenda Wadi Bani Khalid kumwacha mume wangu nilivaa abaya mpya, ile yenye tarizi ya fedha mikononi. Nilijisemea, kama ni kuachana, basi na aone anachokikosa. Mama aliniangalia tangu ushungi mpaka viatu, akacheka.

"Unakwenda kupanga safari, Tahani, au unakwenda harusini?"

"Kupanga safari, Mama."

"Haya. Chukua chupa ya kahawa, na zile sambusa usizisahau. Mwanamume hapangi kitu na njaa."

Hakujua lolote. Nilimsaidia kuingia kwenye gari, maana magoti yake siku hizo yalikuwa hayana ushirikiano, tukatoka Ibra mchana baada ya sala ya adhuhuri.

Nimesema mume wangu, na sikukosea. Milka tulifunga Septemba mwaka 2003, kadhi akaandika, sahani za haluwa zikazunguka. Harusi yenyewe ilikuwa ifanywe tarehe nane Aprili, wiki tatu mbele. Katikati hapo, kwa desturi yetu, mtu ni mke mbele ya Mungu, lakini mbele ya mama yake angali mwari wa kuchungwa. Ndiyo maana kila nilipoonana na Thuwaini, Mama alikuwa hatua arubaini nyuma yangu na chupa yake ya kahawa.

Thuwaini ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha gesi karibu na Sur. Ni mrefu, mpole, na mcheshi akishakuzoea. Akiona haya au akiogopa, hushika ndewe ya sikio lake la kushoto. Siku ya posa aliishika saa nzima, nami niliyekuwa nikimchungulia penye pazia nikasema moyoni, huyu ndiye.

Alizaliwa Bujumbura, baba yake akamleta Oman akiwa na miaka mitatu. Upande wa baba, Mama aliujua mpaka babu wa saba. Upande wa mama ndio uliomkera. "Watu wa bara hawa," alikuwa akisema. "Mtu humjui mamake, utamjuaje yeye?" Siku hiyo ya posa aliuliza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Na mama wa kijana yuko wapi?" Ami yake Thuwaini, Bwana Marhoun, akajibu kama anavyoombewa maiti, "Allah yarhamha." Mama akasema amin, na maneno yakaishia hapo.

Likizo tuliyopata kwa ajili ya harusi ilikuwa siku saba tu. Kiwandani kwao kulikuwa na matengenezo makubwa yanakuja na supervaiza wake hakutaka kusikia zaidi ya hizo.

"Siku saba ni fungate kamili," Mama alisema. "Wazee wetu waliikaa chumbani wakaridhika. Nyinyi mnataka kuikaa kwenye ndege."

Mimi nasomesha jiografia kwenye skuli ya wasichana. Miaka sita nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto kwamba kuna nchi inaitwa Uholanzi, ambako watu walijenga ukuta, wakaisukuma bahari, wakalima pale ilipokuwa, na mpaka leo ng'ombe wao wanakula majani chini ya usawa wa meli. Kitabuni mna picha moja tu, haizidi stempu mbili. Mwaka ule mtoto mmoja alinyanyua mkono. "Abla, wewe umeiona?" Nikasema sijaiona. "Sasa umejuaje kama kweli?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Kwa hiyo Thuwaini aliponiambia nichague popote duniani, sikufikiri mara mbili.

"Uholanzi," nilimwambia. "Nataka nisimame juu ya ule ukuta. Huku bahari, huku nchi, na mimi katikati."

Akashika sikio. "Na Ubelgiji je? Ni jirani yake. Tugawe siku."

"Ubelgiji kuna nini?"

"Chokoleti," akasema, akaangalia pembeni.

Basi nikachukua karatasi ya miraba, nikaandika kwa mkono wangu: Uholanzi siku nne, Ubelgiji siku tatu, watu wawili. Pembeni nikachora moyo, jambo ambalo nikimkuta mwanafunzi analifanya namfokea. Karatasi ile akaipeleka kwa wakala wa safari Maskati, na nakala nikaiweka mkobani.

Jumatatu ya wiki ile simu yangu ililia ofisini kwa walimu. Msichana wa kwa wakala, jina lake Israa, alikuwa akimtafuta Thuwaini tangu asubuhi na Thuwaini yuko ndani ya kiwanda, simu haziruhusiwi.

"Dada, ni jambo dogo tu," alisema. "Maombi ya viza tumeyahamishia ubalozi wa pili, maana mtakapolala siku nyingi ndiko kunakoombwa. Bwana amebadilisha. Sasa ni Ubelgiji siku tano, Uholanzi mbili."

"Amebadilisha lini?"

"Wiki iliyopita. Na barua ya mwaliko imeletwa haina saini. Huyu anayewaalika, Bi Spesiyoza Nahimana, ni nani wenu? Sehemu ya uhusiano bwana ameiacha wazi."

Nikamwambia nitamuuliza. Nikakaa. Mwenzangu mmoja alinipa maji bila ya kuulizwa, nadhani uso wangu ulimtosha. Spesiyoza. Nililitamka jina lile kimoyomoyo mpaka likawa na nywele, likawa na macho, likawa na sauti ya kucheka. Chokoleti! Mwanamume ananipeleka fungate yangu nyumbani kwa mwanamke wake, na mimi nimechora moyo pembeni.

Siku tatu zilizofuata alipopiga nilimjibu "ndiyo" na "la" na "inshallah". Alhamisi tulikuwa tumeahidiana Wadi Bani Khalid, kwa kuwa ni katikati ya kwangu Ibra na kwake Sur. Nikaona vizuri. Maneno yale hayakuwa ya kwenye simu.

Barabara inapanda milima mikavu mpaka unadhani umepotea, hakuna hata kichaka cha kumfaa mbuzi, halafu inashuka na mitende inafunguka chini yako yote kwa mkupuo. Nimeipita mara nyingi na kila mara nasema subhanallah. Siku ile nilijizuia, nilikuwa na hasira, na bado ilinitoka.

Thuwaini alikuwa ameshafika. Alikuja mbio mpaka mlangoni kwa Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hawakulishi huko kiwandani? Kula sambusa. Mie siteremki, mawe yale si ya magoti yangu. Nendeni mkapange safari yenu, nami nawaona kutoka hapa." Hakuwa akituona kutoka pale, kuna mwamba katikati. Alifungua mlango apate upepo, akamimina kahawa, na huo ulikuwa ndio upole wake.

Tulipita kijia cha kando ya mfereji, mimi mbele, yeye nyuma. Bwawa la kwanza lilikuwa na watoto wanajirusha, na Wazungu wawili wenye kofia. La pili lilikuwa tupu. Maji yake ni ya kijani cha chupa, na ukiinama unaona mpaka punje ya mchanga chini, na hayanyamazi, yanatoka ndani ya jabali usiku na mchana katika nchi ambayo mvua huja kama mgeni wa mbali. Nilisimama nikayaangalia. Mwalimu anajua kuyaeleza, anachora mishale ubaoni, lakini anapoyasimamia anakuwa hana la kusema.

"Tahani," alisema nyuma yangu. "Nimekukosea nini?"

Nikageuka.

"Spesiyoza ni nani?"

Nilitegemea aulize nimelitoa wapi jina. Nilitegemea acheke, aape, akasirike. Hakufanya hata moja. Mkono wake ulipanda polepole mpaka sikioni, akakaa chini juu ya jiwe pale pale, na kanzu yake nyeupe ikaingia majini mpaka magotini bila yeye kujali.

"Nani kakwambia?"

"Wakala. Usijali nani kaniambia. Siku zangu nne umezifanya mbili, nyuma ya mgongo wangu, ili ukakae siku tano kwa mwanamke. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Thuwaini, halafu naondoka na Mama, na karatasi zangu utaniletea kwa kadhi. Ni nani?"

"Mama yangu."

Sikuelewa. "Mama yako kafa."

"Hakufa."

Pale penye maji palikuwa na samaki wadogo, wanakuja kudonoa vidole vya watu. Walikuwa wakimdonoa yeye miguuni na hakuwa akisikia.

"Baba aliniambia Ramadhani ile aliyofariki," alisema. "Aliniita peke yangu. Akaniambia, 'Nilikuambia mamako kafa ili usimlilie. Ulikuwa unalia kila siku, nikaona bora ulie mara moja uishe.' Alimwacha Buyenzi, Tahani, pale mtaani kwao Bujumbura. Ndugu zake Baba walimwambia aje na mtoto, asije na mke. Akaja na mtoto."

"Miaka ishirini na nane?"

"Ishirini na saba. Baada ya kumzika Baba nikaanza kutafuta. Nilikuwa na jina la kaka yake tu. Nikitoka shifti naingia kibanda cha simu, napiga Burundi, napiga namba za watu nisiowajua. Mmoja ananipa mwengine. Mwezi wa Disemba nikampata. Yuko Ubelgiji, mji unaitwa Liège, anafua nguo za hospitali. Nyumbani Buyenzi wanamwita Zaina. Spesiyoza ni jina la kwenye karatasi, la skuli ya mapadri."

Nilikaa na mimi. Abaya mpya ikaingia maji, tarizi na kila kitu.

"Siku ya posa," nilisema, "Mama alipouliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua yu hai. Sikuwa nimempata."

"Na ami yako akasema Allah yarhamha."

"Nikanyamaza. Niliogopa. Mama yako nyuma ya pazia, watu wote wale, na wewe nilikuona unachungulia. Nikajua nikisema mama yangu ni Mrundi, yu hai, baba alimwacha, posa itavunjika pale pale na haluwa haijaguswa. Nikachagua wewe. Wallahi, Tahani, nilichagua wewe, na tangu siku ile nalala na jambo hili, naamka nalo."

Alilia. Sijapata kuona mwanamume wa kwetu analia mchana kweupe, hata kwenye maiti huingia ndani. Yeye alikaa akalia mbele yangu, na mimi niliyekuja na maneno yangu tayari, yamepangwa kwa namba, nikajikuta namwangalia kwa mshangao tu. Miezi sita nimeolewa na mtu huyu kwa karatasi nikidhani namjua. Nilijua anapenda kahawa bila ya iliki. Nikajiona mjinga, na nikampenda kwa namna iliyonitisha.

"Ungenambia mimi," nilisema. "Si Mama. Mimi."

"Nilitaka nikufikishe kwanza. Umwone. Nikasema ukimwona hutamkataa."

"Siku tano?"

"Aliniuliza siku ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema, 'Tatu ni nyingi, mwanangu, ahsante.' Akasema ahsante, Tahani. Nikashindwa. Nikampigia wakala nikabadilisha."

Mtu akikuambia neno kama lile unafanyaje na ukuta wako wa Uholanzi? Bado nilikuwa na uchungu nao, sitasema uongo. Miaka sita si kidogo. Lakini uchungu wenyewe uliona haya, ukasogea pembeni.

Akatazama saa, akasimama ghafla. "Ni karibu saa kumi. Kila Alhamisi saa kumi nampigia, ndio anatoka kazini. Hapa simu haishiki. Inashika kule juu tu, penye magari."

"Twende," nikasema.

"Mama yako yuko kule."

"Najua aliko Mama yangu. Twende."

Tulipanda, nguo zinachuruzika. Tulisimama upande wa pili wa gari lake, mbali kidogo na letu. Mama alikuwa na tasbihi, macho amefumba. Thuwaini akabonyeza ile simu yake ndogo, akazungumza maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, halafu akanipa.

Kwa nini nilitegemea Kifaransa, sijui. Kichwani nilikuwa naliandaa lile bonjour langu moja.

"Shikamoo, Mama," nikasema, kwa mazoea tu.

Kutoka huko Ulaya, sauti nene ya mwanamke, ya taratibu, ikanijibu kwa Kiswahili.

"Marahaba, mutoto wangu. Marahaba sana. Uko muzima? Wewe ndiye Tahani?"

Kiswahili chetu sisi Ibra ni cha kwenye majiko na kwa wazee, watoto wangu wa skuli wanakijibu kwa Kiarabu. Nilidhani ni kitu chetu cha ndani, cha Mama na marehemu bibi. Na sasa kinanijia kutoka nchi ya baridi, kwa mwanamke anayefua mashuka ya hospitali, kimepindana kidogo na changu lakini ni kile kile, na ndani yake mna joto lile lile la bibi yangu.

"Ndiye mimi, Mama."

"Ananiambia unafundisha. Ananiambia uko muzuri. Mambo mengi ananiambia, nasikia tu kama hadisi. Ngoja nikuulize kitu kimoja. Alipokuwa mudogo, akiogopa, alikuwa anashika sikio lake. La kushoto. Bado anafanya?"

Nikamtazama Thuwaini, amesimama katikati ya yale magari, kanzu imemganda miguuni, ndewe iko baina ya vidole viwili.

"Analishika sasa hivi," nikasema, na hapo ndipo na mimi nilipoanza kulia.

Alicheka, akalia, akacheka tena. Miaka ishirini na saba hajamwona mtoto wake, na alikuwa anajua kitu ambacho mimi nilidhani nimekigundua peke yangu nyuma ya pazia.

"Usilie. Niambie, ukija huku unataka kuona nini? Nikutayarishie."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ukuta, bahari, ng'ombe, mpaka lile swali la mwanafunzi. Nikamwambia lakini si lazima, siku ni chache, tutakaa na wewe tu.

"Uholanzi?" akashangaa. "Lakini Uholanzi ni hapa! Mimi kila Ijumaa napanda treni naenda Maastricht kununua samaki. Nusu saa. Hata mupaka wenyewe hauuoni, unaona tu rangi ya mabasi imegeuka."

Mwalimu wa jiografia mimi, mwenye ramani nne ukutani. Nimechora mpaka ule kwa chaki nyekundu sijui mara ngapi.

"Bahari yao ndiyo iko mbali," aliendelea. "Treni saa tatu, na zaidi. Mimi sijaiona. Miaka tisa niko hapa. Kila mwaka nasema nitaenda, halafu nasema, nitaenda na nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikasikia mlango wa gari.

"Mama gani huyo?" Ilikuwa sauti ya Mama yangu. Alikuwa ameshateremka, magoti na kila kitu, amejishikilia kwenye boneti, tasbihi inaning'inia. "Nakusikia unasema shikamoo Mama, ndiye mimi Mama. Mama gani unayemlilia, na mie niko hapa?"

Simu nilikuwa nimeishika kifuani.

"Thuwaini," alisema. "Sema wewe."

Alimwambia. Alisimama wima akamwambia yote kama alivyoniambia mimi, Buyenzi, baba yake, ule ukimya wa siku ya posa, na hakujitetea hata kwa neno moja. Nilimwangalia Mama usoni kama mtu anavyoangalia wingu. Niliona linakuja. Nilijua nitasimama wapi, na nilisogea nikasimama huko, ubavuni kwa Thuwaini.

"Kwa hiyo mama yako yu hai," Mama alisema.

"Yu hai, Mama."

"Na siku ya posa ulikaa pale, ukasikia anaombewa rehema za wafu, ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilijua hutomtaka mtu wa bara, Mama. Niliogopa."

"Hilo la bara niachie mwenyewe!" Mama alipiga boneti kwa kiganja, Wazungu wawili waliokuwa wakipanda wakasita. "Sikulipenda, na nilisema, na mdomo ni wangu. Lakini mzazi! Tumefunga milka, tumepika, tumekula, tumepiga vigelegele, na aliyemzaa mtoto hajaulizwa! Kwa radhi za nani mmeoana nyinyi? Harusi bila ya radhi ya mama aliye hai, mnataka Mungu aiweke wapi? Umemkosea mamako, umenikosea mie, na mie bila ya kujua nimemwitikia amin mwanamke mzima!" Akanyoosha mkono. "Nipe simu hiyo."

"Mama, tafadhali," nilisema.

"Tahani. Nipe simu."

Nikampa.

"Asalamu alaykum," alisema, kwa ile sauti yake ya ukumbini. "Mie naitwa Turkiya, mama yake Tahani. Bibi, tumekukosea. Mwanao tumemuoza bila ya wewe kujua. Mie niliambiwa umekufa, lakini sikuuliza mara ya pili, nilitosheka upesi, na kosa langu ndilo hilo." Akasikiliza. "La, usiseme ahsante. Usiniambie ahsante mie. Kwa desturi yetu mama wa mwanamume ndiye anayekuja kuposa. Wewe hukuja, hukupewa nafasi. Basi posa sasa. Nakusikiliza."

Thuwaini aligeuza uso akaweka mkono juu ya paa la gari. Mimi nilisogea nikaweka sikio langu karibu na la Mama, shavu kwa shavu.

Kule upande wa pili lilipita gari moja, nililisikia. Halafu ile sauti nene ikaja, imejikusanya, imevaa nguo zake za heshima.

"Mama Turkiya. Mimi ni Zaina wa Buyenzi. Sina mutu wa kunisindikiza, nimesimama hapa kituo cha basi na mufuko wangu. Nimekuja kwako kuomba mutoto wako wa kike, Tahani. Namuombea mutoto wangu Thuwaini. Sina kitu mikononi. Nina mutoto tu, na sikumulea mimi. Waliomulea wamemulea vizuri?"

Mama akasema yale yanayosemwa, kama yanavyosemwa kwenye kila ukumbi wa kwetu tangu zamani, na kidevu chake kinatikisika.

"Na tukisema hatutoi?"

"Tutarudi kesho," alijibu Mama Zaina pale pale, bila kusita. Naye alikuwa anayajua. Huko Buyenzi nako huyasema. "Na kesho kutwa tutarudi, mupaka muchoke."

"Basi msijichoshe," alisema Mama. "Tumekupa. Na kulelewa, kalelewa vizuri. Ana kosa moja, mwoga. Litaondoka."

Halafu akapiga kigelegele. Pale pale penye magari, mwanamke wa miaka sitini na mbili, na magoti yake, akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kikapiga milima na kurudi. Kwenye simu kikajibiwa na kingine, chembamba kwa umbali, kutoka kituo cha basi cha Liège, na nilifikiria watu wa huko wanageuka kumwangalia mwanamke mweusi mwenye mfuko. Wale Wazungu wawili wa kwetu walipiga makofi. Thuwaini alikuwa amepiga magoti changaraweni, anambusu Mama mikono, na Mama anamsukuma kichwa, "Ondoka, unanirowesha."

Nilikwenda kukaa ndani ya gari. Nimesomesha watoto kwamba dunia ni kubwa, kilomita arubaini elfu kuizunguka. Siku ile niliiona imekunjwa ikawekwa kwenye kiganja cha mama yangu.

Nikafungua mkoba nikatoa ile karatasi ya miraba. Uholanzi siku nne, Ubelgiji siku tatu. Nikazikata zote mbili kwa kalamu. Nikaandika Ubelgiji siku tano, kama alivyotaka na akaogopa kusema. Chini yake nikaandika Uholanzi siku mbili, baharini. Nikasita. Nikamwita.

"Thuwaini. Njoo."

Akaja dirishani, macho mekundu, changarawe kwenye magoti. Akasoma Ubelgiji siku tano, akanitazama.

"Na ukuta wako?"

"Upo. Soma mpaka chini."

Palipokuwa pameandikwa watu wawili nilikuwa nimepakata kwa mstari mmoja, na pembeni yake, karibu na ule moyo, nimeandika watu watatu.

Alisoma, akasoma tena. Mkono wake ulianza kupanda kuelekea sikioni, nami nikaushika njiani.

"Mpigie Mama Zaina tena," nikamwambia. "Mwambie amepata wa kwenda naye."